Watoto na korona: yanayosemwa Moshi, na yaliyo kweli

"Korona haikuwagusa watoto." Nimeisikia kauli hii sokoni Mbuyuni na kwenye vikao vya wazazi, na kila mara inaniuma. Ni kweli kwamba virusi viliua wazee wengi kuliko watoto. Lakini mtoto haumwi kwa homa peke yake.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, huku kwetu kaskazini, Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wakangoja hadi Juni 29. Katikati ya hapo Mlima Kilimanjaro ulikosa wageni. Watalii walioingia nchini mwaka 2019 walizidi milioni 1.5, mwaka 2020 hawakufika 650,000. Hapa Moshi, kule Pasua na Kibosho, hesabu hiyo ilionekana kwenye sufuria. Mgumu, yaani mpagazi wa mizigo ya watalii, asiyepanda mlima harudi na kitu, na mwanawe ndiye anayebebeshwa beseni la ndizi kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Wengine husema angalau walikuwa nyumbani, salama. Si wote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au kuchapwa kabla ya kutimiza miaka 18, na waliowapiga zaidi ni ndugu wa nyumbani na walimu. Shule ikifungwa, fimbo ya mwalimu inapumzika, ya nyumbani inabaki. Na yule mwalimu ambaye angeona alama mgongoni naye hayupo.

Masomo ya redioni na kwenye televisheni? Yalimfaa mwenye redio, umeme na mtu wa kumwambia kaa usikilize.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni hii: ukitaka kujua hali ya mtoto, muulize mzazi. Wakati wa korona watafiti wengi duniani waliacha kwenda majumbani, wakahamia kwenye simu. Nilikuwa kwa jirani siku moja simu ya namna hiyo ilipoingia. Mama akaridhia, akaiweka spika mezani, akaendelea kuchambua mchele. Binti wa miaka 12 akaulizwa kama amewahi kulala njaa. Akamtazama mama yake. "Hapana." Mama hakumkazia macho wala hakusema neno. Kukaa pale kulitosha. Na mimi nilijua kwamba wiki ile walikuwa wamelalia uji mtupu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo hivyo katika ibara ya 12. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi ni mlango wa kwanza tu. Mtoto naye aombwe ya kwake, aambiwe anaweza kuruka swali au kukata simu. Aulizwe kwanza kama kuna mtu karibu. Maswali mazito yawe ya ndiyo na hapana, ili anayesikia upande mmoja asijue kilichojibiwa.

Wapo wanaoona bora asiulizwe kabisa, atakumbushwa machungu. Akiulizwa ovyo, ndiyo, ataumia. Anayeuliza lazima ajue atampeleka wapi mtoto akifunguka: kwa afisa ustawi wa jamii, au kumpa namba 116, Simu ya Mtoto, isiyo na gharama.

Siku kadhaa baadaye nilimkuta binti yule bombani, peke yake, akisubiri ndoo ijae. Nikamuuliza nini kilimtesa zaidi. Nilidhani atataja njaa. Akasema ni bibi yake aliyeko Kibosho: usiku alikuwa anawaza kwamba bibi akifa, hawataruhusiwa kwenda kumzika. Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza.