Nyota ya bosoni ni nini, na chaji inaingiaje humo

Ukisema kuna kitu kizito kimebanwa sana huko angani kila mtu anarukia shimo jeusi. Ila hesabu za Einstein za 1915 zinaruhusu na vitu vingine, vizito karibu hivyo hivyo lakini havina upeo wa matukio, ule mpaka ambao ukishauvuka huwezi kurudi tena, hata mwanga haurudi. Jua letu ili lipate upeo lingebidi libanwe mpaka upana wa kilometa 6 hivi, yaani hata Posta mpaka Ubungo hufiki.

Kimojawapo ni nyota ya bosoni. Haina gesi wala nyutroni, imetengenezwa na uga skala, na chembe za uga huo ndo bosoni. Uga skala ni pale kila sehemu inapokuwa na namba isiyo na mwelekeo, chukua joto la Dar saa saba mchana, Mbagala namba yake, Masaki yake, Kigamboni yake, basi ndo huo, upepo wa kusi haumo maana wenyewe una mwelekeo. Na sio hadithi tu, chembe ya bosoni ya Higgs iliyopatikana CERN, maabara ya chembe huko Ulaya, 2012 ni ya aina hii.

Uga wa nyota hizi lakini una namba mbili kila sehemu, na hapo ndo chaji (ya umeme) inapopata pa kukaa. Mwanafizikia Kaup alipiga hesabu za nyota hizi 1968, Ruffini na Bonazzola wakafuata 1969, wakakuta uga unaweza kujishikilia kwa mvutano wake wenyewe bila kuporomoka, kwa sababu ni wimbi na wimbi halikubali kubanwa sehemu ndogo kupita kiasi.

Sasa ukitia chaji mambo yananoga (mimi hapa ndo napapenda). Chaji za aina moja zinasukumana, kwahiyo zinasaidia kuzuia mporomoko na nyota inabeba masi kubwa zaidi kuliko isiyo na chaji, ila ukizidisha chaji, msukumo unaushinda mvutano na nyota haishikani kabisa. Jetzer na van der Bij waliichambua hii 1989.

Hakuna aliyeiona bado. Shida ni kwamba ikibanwa vya kutosha inapinda mwanga karibu sawa na shimo jeusi, kwahiyo picha peke yake, hata ile ya 2019 ya katikati ya galaksi ya M87, haimalizi ubishi, wanasayansi wanaangalia pia mawimbi ya mvutano pale vitu viwili vinapogongana, maana kisicho na upeo kinatulia kwa mlio tofauti.