Si chaka mchaka, si utalii: tunayoyakosea kuhusu viongozi wa misafara ya tiba porini

Mzazi anayepiga simu kuulizia msafara wa tiba porini huanza na bei. Akisharidhika, hushusha sauti: "Sasa ssebo (bwana), huyu mtoto mtaninyooshea?" Swali hilo limebeba nusu ya dhana nitakazozigusa hapa.

Kazi yenyewe bado haijazoeleka Uganda, kwa hiyo niieleze kwanza. Vijana wachache, tuseme sita hadi kumi, wenye sonona, wasiwasi, majeraha ya moyoni au shida ya pombe na dawa za kulevya, wanatoka kwenda kuishi nje kwa siku au wiki kadhaa. Wanatembea, wanapika, wanalala kwenye mahema, na mtaalamu wa afya ya akili, tumwite mshauri, ndiye anayepanga na kusimamia tiba ya kila mmoja. Kuna mtu mwingine ambaye hulala nao, hula nao, na anajua nani jana hakugusa posho (ugali) yake. Vijana humwita anko au anti. Ninamzungumzia huyo, kiongozi wa msafara.

"Ni chaka mchaka ya watoto watukutu"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, wala sishangai. Mganda akisikia vijana wamepelekwa porini na mtu mwenye filimbi, akili yake inakwenda kwenye chuo cha uongozi cha Kyankwanzi, kwenye mafunzo ya kijeshi na siasa ya chaka mchaka: mbio za alfajiri, nyimbo, amri. Chaka mchaka ina shughuli zake, lakini haikutungwa kumtibu mtu. Kijana anayekeshwa na jinamizi, ukimwamsha saa kumi alfajiri kwa filimbi unamwongezea ugonjwa.

Kiongozi anayeijua kazi hii hupunguza amri mpaka zibaki zile za usalama tu. Usiingie mtoni nikiwa sipo. Ukitoka hemani usiku, sema jina lako nikusikie. Mengine, kama nani apike, nani abebe sufuria, tupumzike wapi, kundi linaamua lenyewe, hata likiamua vibaya.

Chukua jambo linalotokea karibu kila msafara. Kijana ameketi katikati ya njia kwenye tope, mvua inanyesha, anasema haendi popote. Mwenye fikra za kijeshi angempigia kelele au angemwacha nyuma ili aogope. Kiongozi mzuri anawasimamisha wote, anakaa ubavuni pake, kisha anauliza habari za mwili kabla ya habari za moyo: umekunywa maji saa ngapi, gambuti inakuchubua wapi, hebu nione kidole. Mara nyingi jibu liko kwenye soksi. Lisipokuwa huko, anangoja. Wenzake nao wanangoja wakiwa wamelowa, na hapo ndipo mmoja wao, si kiongozi, husema jambo linalomwinua yule aliyeketi. Sehemu kubwa ya kazi iko hivyo, kukaa kwenye tope ukisubiri. Hakuna anayeipiga picha.

Kuhusu kiboko, Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekikataza katika taasisi za elimu. Kambi inayojigamba kwamba huko porini mwalimu wa haki za binadamu hafiki, ikimbie.

"Kule kwa wazungu imeshathibitishwa, tuige tu"

Mizizi yake kweli ni Ulaya. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyefungwa na Wanazi mwaka 1933 kisha akahamia Uingereza, alishiriki kuanzisha shule ya mafunzo ya nje ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, ili kuwafunza mabaharia vijana ustahimilivu. Wazo lilisafiri. Miaka ya 1950 kulikuwa na shule ya namna hiyo Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Marekani ndiko lilikogeuzwa tiba, na huko huko likageuzwa biashara kubwa, na baadhi ya wafanyabiashara hao waliuza adhabu kwa jina la matibabu.

Matokeo yake yako kwenye kumbukumbu za serikali. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa taarifa kuhusu vifo na unyanyasaji katika programu za vijana, zikiwemo za porini. Februari 2024, mtoto wa miaka 12 alikufa katika kambi moja ya North Carolina kabla hajamaliza siku nzima tangu afike, na jimbo likaifunga kambi hiyo. Desemba mwaka huo huo sheria ya kukomesha unyanyasaji wa watoto katika taasisi za namna hiyo ikatiwa saini, baada ya miaka ya kupigiwa debe na watu waliopitia humo, nyota Paris Hilton akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo tukiiga, tujue tunaiga kipi. Utafiti unaonyesha kuna faida: uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 197 za tiba ya aina hii ulikuta nafuu ya wastani kwa washiriki. Wastani, si muujiza. Na tafiti nyingi kati ya hizo hazikuwa na kundi la kulinganishia.

"Mwambie tunakwenda kijijini kumwona jajja"

Hapana. Huko Marekani wazazi wengine walilipa watu wawachukue watoto vitandani usiku wa manane. Sisi tuna uongo wa kistaarabu zaidi: safari ya kwa bibi inayoishia getini kwa wageni. Kijana aliyefikishwa kwa hila huanza msafara akiwa na sababu nzuri ya kutomwamini mtu mzima yeyote, na kiongozi ndiye anayelipa deni hilo. Aambiwe anakwenda wapi, kwa siku ngapi, na nani. Akikataa, mazungumzo yaendelee nyumbani.

"Mlima wenyewe unatibu"

Hapa Uganda ina ushahidi wake, na nashangaa hautajwi. Kabla ya mwaka 2007, watafiti walifanya jaribio katika kambi mbili za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa nchi, kwa vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 walionusurika vita. Wengine waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo yenye mpango maalumu, wengine wakapewa michezo na shughuli za ubunifu, wengine wakasubiri zamu. Wasichana waliokuwa kwenye vikundi vya mazungumzo walipungukiwa sonona waziwazi. Kwa wavulana tofauti haikuwa ya kutegemewa. Michezo peke yake haikuwapunguzia sonona kuliko waliosubiri.

Kwa mtu anayewapeleka vijana porini hiyo ni habari nzito. Matembezi, moto wa jioni na nyimbo ni vitamu, lakini ukiondoa mazungumzo yaliyopangwa unabaki na pikiniki. Habari njema ni kwamba walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, kama ilivyokuwa pia katika jaribio la mwaka 2003 kwa watu wazima wa Masaka na Rakai.

Neno la kushika ni kusimamiwa. Kiongozi si daktari wa akili, na akianza kujidai daktari ndipo anapokuwa hatari. Kijana akimwambia usiku, "Anko, nikikwambia jambo utanificha?", jibu sahihi linakera: "Siwezi kukuahidi kabla sijasikia. Likiwa la kuumizwa au kujiumiza, nitamwambia mshauri, na nitakuambia kwanza kwamba namwambia." Wengine hunyamaza hapo. Wengi hurudi kesho yake. Kiongozi hachimbui yaliyopita, hatafsiri ndoto, hafukuzi mapepo. Anasikiliza, anaandika alichokiona, na jioni anampigia mshauri taarifa.

"Hatari kubwa ni chui na nyoka"

Kila mzazi huuliza kuhusu nyoka. Karibu hakuna anayeuliza kuhusu radi. Agosti 2020, radi iliua watoto 10 Arua, wakiwa wamejikinga mvua kibandani baada ya kucheza mpira. Novemba 2024 ikaua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo, wakiwa kwenye ibada. Kiongozi anayesikia ngurumo huwashusha vijana kutoka kwenye mgongo wa kilima, huwaepusha na mti ulio peke yake na kibanda cha nyasi, huwatawanya wasigusane, kisha hasogei mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Vijana hulalamika. Walalamike.

Ya pili ni baridi, na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa kundi la aina hii. Watu hawaamini kwamba mtu anaweza kufa kwa baridi karibu na mstari wa ikweta, hadi wakanyage mabwawa ya matope ya milima ya Rwenzori huku mvua ikiwanyeshea. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, kisha huanza kujikwaa, maneno yanakokoteka, anajitenga, na ukimuuliza anasema yuko sawa. Sasa fikiria kijana mwenye sonona. Siku zake za kawaida ndizo hizo: amenyamaza, anaburuta miguu, yuko sawa. Kiongozi wa watalii anaona mgonjwa wa baridi au mvivu. Kiongozi wa tiba lazima ajue kimya cha huyu kijana kilivyokuwa jana na juzi, ili akitambue cha leo kuwa ni kipya. Akitilia shaka, anasimamisha safari, anamvua nguo zilizolowa, anamvisha kavu, anampa kitu chenye sukari. Kama ilikuwa huzuni tu, hakuna kilichoharibika.

Halafu kuna mfuko wa dawa, ambao hubaki na kiongozi umefungwa. Anayemeza lithiamu, mojawapo ya dawa za akili, akikaukiwa maji, dawa hujaa mwilini mpaka inakuwa sumu. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huufanya mwili ushindwe kujipooza kwenye joto. Dawa ya kifafa haisahauliki hata siku moja. Na kuna swali ambalo fomu nyingi hazina: selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Utafiti wa kitaifa ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa Uganda wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuugua, na Bundibugyo, chini kabisa ya Rwenzori, ni mojawapo ya sehemu zenye wengi. Mwenye ugonjwa wenyewe hapandishwi juu kwenye hewa haba.

Nyoka wapo, ndiyo. Vaa gambuti.

"Yeyote anayeujua mlima anaweza"

Wakonzo, wenyeji wa Rwenzori, waliwabebea mizigo wazungu wa Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano aliyefika Margherita, kilele kirefu kuliko vyote huko, mwaka 1906, na hadi leo hakuna anayewashinda kwenye njia zile. Lakini kujua njia ni kazi moja, na kumjua kijana anayejikata mikono ni nyingine. Katika hifadhi ya milima ya Rwenzori hupandi bila mwongozaji anayetambuliwa, kwa hiyo msafara mzuri huwa na wote wawili, na kila mmoja anamheshimu mwenzake katika eneo lake.

Pia si lazima Rwenzori. Margherita ina mita 5,109, na ratiba ya kawaida ya watalii huwatoa Nyabitaba, kwenye mita 2,650 hivi, hadi kituo cha John Matte, zaidi ya mita 3,400, kwa siku moja. Ushauri wa tiba ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kila usiku. Kijana aliyekuja kutibiwa hana sababu ya kubanwa na ratiba ya kilele. Msitu wa Mabira, Sipi, au uwanja wa maskauti wa Kaazi kando ya ziwa unatosha kabisa, mradi wasiogelee kwenye maji ya kichocho.

"Viongozi wenyewe ni majabali"

Wanachoka, na aliyechoka hukasirika. Baadhi ya programu za Marekani huwapa siku nane kazini na sita nyumbani. Hapa nimesikia watu wakisifiwa kwa kukaa wiki tano mfululizo, sifa ambayo ingepaswa kuwa onyo. Ukiwa mzazi, uliza zamu zikoje. Uliza pia kama kuna mwanamke kwenye kundi la wasichana, na kama mtu mzima mmoja huachwa peke yake na kijana usiku. Jibu la swali hilo la mwisho ni hapana, bila maelezo.

"Akirudi amepona"

Anarudi kwenye nyumba ile ile, kitanda kile kile, na marafiki wale wale wa stendi. Kama kulikuwa na tiba katika hospitali ya akili ya Butabika au kwa mshauri wa mtaani, inaendelea. Kama haikuwepo, ndiyo kwanza ianze. Ndiyo maana siku ya kurudi kiongozi hukaa na mzazi na kijana nusu siku, wanaandika nani atafanya nini wiki ijayo: nani anatunza dawa, simu inazimwa saa ngapi, kijana akizidiwa anampigia nani. Kuna wazazi humtuma dereva. Msafara wenye msimamo humrudisha dereva peke yake na kumpigia simu aliyemtuma.