Mkemia akihamia kwenye vikao

Watu wa hapa Tabora wananiuliza sana, we si mkemia, mbona siku hizi tunakuona kwenye vikao tu? Ni kweli, miaka mingi nilikuwa maabara napima asali ya miombo, sasa hivi nasimamia wanaopima, na hii ni kazi nyingine kabisa.

Chukua hiyo hiyo asali. Mtu akiichemsha ili ichujike haraka, au akaiacha kwenye ndoo juani, fruktosi inavunjika polepole kwa sababu asali yenyewe ina asidi, inatokea kitu tunakiita HMF. Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) ni isizidi miligramu 40 kwa kilo, ila asali ya nchi za joto kama huku kwetu inaruhusiwa mpaka 80. Maabara ukipata 74 unaandika 74, unaweka na kiasi ambacho kipimo kinaweza kupotoka, basi, unaenda kunywa chai. Ila 74 hiyo ikifika kikaoni mheshimiwa anauliza, "Sasa mtaalamu, nzuri au mbaya?" Hapo ndo kazi ilipo. Ukisema nzuri umedanganya kidogo, ukisema mbaya umemuua mfugaji nyuki bure. Mi hujibu hivi: leo inauzika, ila HMF inaendelea kupanda hata ikiwa imekaa tu ghalani, kwa hiyo tukijenga ghala lenye kivuli na hewa kabla ya kununua mashine mpya tutaokoa asali nyingi zaidi. (Mashine ndo inapigwa picha, ghala nani atakuja kulizindua!)

Angela Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, naye alikuwa mtu wa kemia, PhD yake aliipata 1986 huko Ujerumani Mashariki. Aprili 2020 alieleza korona kwa namba: kila mgonjwa akiambukiza watu 1.1 hospitali zitajaa Oktoba, 1.2 Julai, 1.3 Juni. Hakuficha hesabu na hakuwachosha watu na fomula, na hicho ndo wakemia wengi tunashindwa, tunataka kuonyesha njia nzima ya kukokotoa.

Kitu ambacho chuo hakikunifundisha kabisa ni manunuzi. Kolamu ya HPLC (bomba dogo ndani ya mashine ya kupimia) ikiziba, vijana wanakaa bila kazi mpaka ombi lipite NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, na mwaka wa fedha unafunga Juni 30, kwa hiyo kuanzia Aprili mi ni karani kuliko mkemia.