Kafuri: dawa ya kupaka, si ya kumeza

Pikicha jani la mkafuri vidoleni, harufu itakufikia kabla hujalisogeza puani. Mti huu, Cinnamomum camphora, ni ndugu wa mdalasini, na asili yake ni kusini mwa China, Taiwan na Japani. Mdalasini tunautafuta kwenye gome; kafuri imejificha ndani ya mbao. Vibanzi vya mti mzee hupitishiwa mvuke, na mvuke ule ukipoa, chembe nyeupe huganda.

Kabla ya kuuliza kama kafuri inatibu, uliza kwanza chupa uliyoshika ina nini. Mikafuri miwili inaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa mafuta. Majani ya mikafuri ya Madagaska hutoa kwa wingi sineoli, kemikali ya harufu ya mkaratusi, na kafuri karibu hakuna, na ipo mingine ambayo mafuta yake ni linalooli, kemikali nyingine ya harufu. Kwa hiyo utafiti uliofanywa kwa kafuri hausemi lolote kuhusu mafuta hayo, hata kama lebo inataja mti uleule. Mafuta ya mkafuri ya rangi ya kahawia yaache kabisa: yana safroli, kemikali ambayo imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Kafuri nyingi inayouzwa leo hutengenezwa kiwandani kutokana na tapentaini, na kwa matumizi ya ngozini sioni sababu ya kuikataa.

Je, inazibua pua? Mwaka 1983 Burrow, Eccles na Jones walipima upitaji wa hewa puani baada ya watu kuvuta mvuke wa kafuri, mentoli na mkaratusi. Njia ya hewa haikupanuka. Kilichobadilika ni hisia: watu walisikia ubaridi, na wengi wakahisi hewa inapita vizuri zaidi. Hisia hiyo si jambo dogo kwa mtu aliyekosa usingizi, ila isiitwe tiba ya mafua. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 138 wa miaka 2 hadi 11 ulionyesha kwamba dawa ya kuchua yenye kafuri, mentoli na mkaratusi ilipunguza kikohozi cha usiku na kuleta usingizi kuliko mafuta ya mgando matupu. Naupa utafiti huu uzito wa wastani: ulikuwa wa usiku mmoja, waliotoa alama ni wazazi, harufu ni ngumu kuificha, na gharama zililipwa na mtengenezaji wa dawa yenyewe.

Kwa maumivu, utendaji wake unaeleweka vizuri zaidi. Kafuri huamsha kipokezi cha joto kiitwacho TRPV1 kwenye neva za ngozi, kisha hukichosha hadi kikapunguza kuitikia. Ndiyo maana unasikia joto kwanza, halafu nafuu. Ushahidi wa wagonjwa ni mwembamba. Utafiti wa mwaka 2003 wa watu 63 wenye goti lililochakaa uliona nafuu katika wiki 8, lakini krimu ile ilikuwa pia na glukosamini na kondroitini, dawa nyingine zinazotumika kwa maungio, kwa hiyo huwezi kusema nafuu ilitoka kwa nani.

Kipimo ndicho kila kitu. Kwa kifua, lenga asilimia 5, yaani gramu 5 za kafuri kwa gramu 95 za mafuta ya mgando. Kwa maumivu ya misuli, asilimia 3 hadi 11, usizidishe. Kafuri ukiitwanga kavu hunata na kukwepa mchi. Idondoshee matone machache ya spiriti ya dawa, itasagika kuwa unga laini. Yeyusha mafuta juu ya chombo cha maji ya moto, yaepue, yaache yapoe kidogo yakiwa bado maji, ndipo utie unga na kukoroga. Ukiitia motoni, kafuri hupaa hewani na mvuke wake hushika moto. Chembe zisipoyeyuka zitachoma ngozi. Ukiisaga pamoja na mentoli, unga wote utageuka maji mbele yako. Haijaharibika, vitu hivi viwili vikikutana huyeyushana, ila marhamu itakuwa laini zaidi. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana.

Paka mara 3 kwa siku, si zaidi, kwenye ngozi isiyo na jeraha. Usipake kwenye kidonda wala ndani ya pua, usifunge bendeji juu yake, usiikande kwa kitu cha moto. Mtoto chini ya miaka 2 asipakwe kabisa, na mwenye kifafa aiepuke.

Kuimeza hakuna kipimo salama cha nyumbani. Gramu 1 tu inaweza kumuua mtoto mdogo, na kiasi hicho kimo katika mililita 5, kijiko kimoja cha chai, cha mafuta yenye kafuri ya asilimia 20. Marekani iliyaondoa mafuta hayo sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu watu waliyanywa wakidhani ni mafuta ya mbarika. Degedege huweza kuanza ndani ya dakika 5 hadi 90, mara nyingi bila dalili ya kutangulia. Kwa sababu hiyohiyo usimtapishe mtoto aliyemeza: akishikwa na degedege huku anatapika, matapishi yataingia mapafuni. Mkimbize hospitali hata kama anacheza vizuri, na beba chupa ili daktari asome asilimia.