Mrihani dirishani si badala ya chandarua

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Mombasa unadai chungu cha mrihani dirishani hufukuza mbu usiku kucha, eti ndiyo maana Wagiriki wakauita basilikon. Jina hilo maana yake ni “wa kifalme” tu, mbu hawamo.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Majani yakipondwa au kufukizwa, mafuta yake huwasumbua mbu kwa muda mfupi, na wazee wetu walifukiza kivumbasi, nduguye mrihani. Lakini mmea uliotulia chunguni hautoi harufu ya kutosha kukinga chumba. Nusa bila kuugusa, kisha fikicha jani, utaona tofauti. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo chandarua chenye dawa kibaki kitandani. Ujumbe huo usiusambaze. Mrihani wenyewe, haya, utie kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia.