Mama Kijacho na Mbio Ndefu: Maswali Ninayoulizwa Kliniki na Barabarani

Mimi ni mkunga, na alfajiri za Jumamosi hukimbia na kikundi cha jogging hapa Dar es Salaam. Maswali haya basi hunijia pande zote mbili: kliniki, mama akiwa na kadi mkononi, na barabarani, dada akinisogelea taratibu ili wenzake wasisikie kwamba amekosa hedhi. Nimeyaandika jinsi yalivyoulizwa.

Mama mkwe anasema nikikimbia mimba itatoka. Ni kweli?

Kwa mimba inayokwenda vizuri, hapana. Mtoto hajaning'inia tumboni kama embe kwenye kikonyo. Anaelea kwenye maji ndani ya chupa ya uzazi, chupa imo ndani ya mji wa mimba wenye kuta nene za misuli, na kwa miezi 3 ya mwanzo mji huo wenyewe bado umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Mimba zinazotoka mapema, nyingi zilikuwa na hitilafu ya kromosomu (vile vibeba urithi ndani ya chembe) tangu mwanzo kabisa. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimekaa na wanawake waliopoteza mimba wakijilaumu kwa ndoo ya maji waliyobeba, ngazi walizopanda, au dansi waliyocheza kwenye harusi ya mdogo wao. Hawakuwa na kosa.

Kuhusu mbio zenyewe, mwaka 2018 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti wa wanawake 1,293 waliokuwa wakikimbia kwa kujifurahisha kabla ya kushika mimba. Baadhi waliendelea kukimbia wakiwa wajawazito, wengine wakaacha. Hawakuona kwamba waliokimbia walijifungua mapema zaidi au kuzaa watoto wenye uzito mdogo zaidi. Ila angalia: wote hao walikuwa wakimbiaji tangu zamani.

Mama mkwe usimbishie. Hofu yake ni ya upendo, na huenda ameshuhudia mimba zikiharibika bila mtu kumweleza sababu. Mwombe akusindikize kliniki, asikie mwenyewe.

Sijawahi kukimbia. Sasa nina mimba ya miezi 3 na nataka kuanza. Naweza?

Mbio ndefu, hapana. Anza kutembea kwa kukaza mwendo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunatosha kabisa kuzitimiza. Mwongozo huohuo unasema mwanamke aliyezoea mazoezi mazito kabla ya mimba anaweza kuendelea nayo. Mwili uliokwisha kuzoea hauna budi kutofautishwa na mwili unaojifunza.

Nimezoea kukimbia kilomita 15 kila Jumapili. Nitajuaje kwamba nimezidisha?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana swali la umbali hunijia kila siku, la ukali na joto karibu haliji kabisa.

Ukiwa mjamzito damu yako huongezeka karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Moyo ukiwa umepumzika tu hupiga mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa dakika. Kwa hiyo ile saa ya mkononi uliyozoea kuifuata sasa haikusomi sawasawa, na kasi yako ya zamani si kasi yako tena. Tumia pumzi. Sisi tuliosoma shule za Tanzania tunacho kipimo kizuri kuliko saa: mchakamchaka. Ukiweza kuitikia wimbo bila taabu, lakini ukihisi kwamba kuuongoza kungekukata pumzi, uko mahali pazuri. Ukishindwa hata kuitikia, punguza. Wala usingoje kufika kwenye nguzo ile uliyojiwekea.

Kuna sababu ya kutokukamua mwili hadi mwisho. Mwaka 2012 watafiti wa Norway waliwapima wajawazito 6 wa kiwango cha Olimpiki, wenye mimba za wiki 23 hadi 29, wakikimbia kwenye mashine. Mapigo ya moyo wa mama yalipopita asilimia 90 ya upeo wake, damu inayokwenda kwenye mji wa mimba ilipungua sana na moyo wa mtoto ukapiga polepole. Waliposimama, hali ilirudi upesi. Ni wanawake wachache, na wenye mafunzo ambayo mimi na wewe hatuna, lakini kwangu funzo liko wazi: mazoezi ya kasi ya kukimbizana na saa yawekwe kando mpaka mtoto azaliwe.

Na joto la Dar?

Joto naliogopa kuliko kilomita. Katika wiki za mwanzo kabisa, pengine kabla hujajua kwamba una mimba, mgongo na ubongo wa mtoto vinafunga mshono. Joto la ndani ya mwili wa mama likipanda kupita nyuzi 39 wakati huo, linahusishwa na kasoro za uti wa mgongo. Homa ya malaria inaweza kulifikisha hapo, na kukimbia saa nne asubuhi mwezi wa Februari, penye unyevu wa pwani, kunaweza pia. Toka alfajiri, urudi jua halijakomaa. Beba maji, unywe kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, siku hiyo baki nyumbani. Kwa dada zangu Waislamu: siku ya funga si siku ya mbio ndefu kwa mjamzito. Tembea kidogo jioni baada ya kufuturu.

Nahema upesi sana siku hizi. Ni mimba tu?

Huenda ni mimba, huenda ni damu pungufu, na kwa macho hatuwezi kutofautisha. Yale maji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kile kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) hushuka kidogo kwa kila mjamzito. Ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, tunasema una upungufu wa damu, na huku kwetu malaria na minyoo huongeza mzigo. Pima kabla ya kuendelea na mbio. Ukiona unatamani kula udongo, tuambie bila haya, maana mara nyingi ni dalili ya ukosefu wa madini ya chuma. Meza vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, wala usivirundike kabatini kwa sababu vinakupa kichefuchefu, vimeze usiku. Na ile chai ya rangi unayoshushia maharage na mchicha huzuia chuma kufyonzwa. Isogeze saa moja au mbili mbele.

Ukikimbia, kula zaidi. Kuanzia mwezi wa 4 mwili unahitaji nyongeza ya kalori kama 340 kwa siku, na miezi 3 ya mwisho kama 450, hata kabla hatujahesabu kilomita zako.

Nimeshalipia nusu marathoni ya Kilimanjaro. Siku hiyo nitakuwa na wiki 22.

Njia ile inatoka Moshi na kupanda kuelekea Mweka, kisha inageuka na kushuka. Wengi huogopa kupanda. Mimi nahofia kushuka. Tumbo limesogeza uzito wako mbele, viungo vya nyonga vimelegea kwa homoni za mimba, na miguuni umezungukwa na maelfu ya watu wanaoteleza kwenye vikombe vya maji. Kuanguka kwa tumbo ndiko kunakoweza kubandua kondo la nyuma. Ungekuwa mdogo wangu, ningekuomba ukimbie zile kilomita 5 na wenzako. Ukishikilia 21, basi iwe mkunga au daktari wako amekubali, wakati wa kushuka utembee, na uwe tayari kutoka njiani bila kuona umeshindwa.

Mbona yule Mmarekani alimaliza marathoni akazaa siku hiyohiyo?

Ni kweli. Amber Miller alishiriki Chicago Marathon Oktoba 2011 akiwa na mimba ya karibu wiki 39, akamaliza kwa saa 6 na dakika 25, na usiku huo akajifungua mtoto wa kike. Picha yake huzunguka sana, lakini maelezo hubaki nyuma. Alikuwa amekwisha kukimbia marathoni kadhaa, daktari wake alijua, na karibu nusu ya njia aliitembea. Hizo saa 6 na ushee ndizo za kutazama: ni mwendo wa mtu anayeusikiliza mwili wake.

Nani asikimbie kabisa?

Mwenye shinikizo la damu la mimba au dalili za kifafa cha mimba. Mwenye kondo la nyuma lililojishikiza chini karibu na mlango wa kizazi, na aliyeshonwa mlango wa kizazi. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo, au chupa iliyokwisha kupasuka. Wa mapacha, au aliyewahi kuzaa njiti, asiamue peke yake. Ndiyo maana hudhurio la kwanza la kliniki huja kabla ya viatu vipya.

Nikiwa njiani, nikiona nini nisimame?

Damu ukeni, hata tone. Maji yanayochuruzika. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio. Kichwa kinachouma sana, macho kuona maruweruwe, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hapo usimalizie hata mita 100: panda bajaji, nenda kituo cha afya. Na mtoto uliyezoea kumsikia akicheza akiwa kimya, ukishapumzika na bado hachezi, njoo siku hiyohiyo, hata usiku. Hakuna mkunga mwema atakayekulaumu kwa kuja bure.

Kwa hiyo usikimbie peke yako. Uwe na simu, na mwenzako ajue wiki zako.

Nikishajifungua, nirudi lini?

Watu hunitajia Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua Juni 2018 na kutwaa dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Hesabu vizuri: hapo katikati kuna miaka 3. Paula Radcliffe wa Uingereza alijifungua Januari 2007 na kushinda marathoni ya New York Novemba mwaka huohuo, lakini alirudi mazoezini mapema mno, akapata ufa wa mfupa sehemu ya chini ya mgongo.

Wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) wa Uingereza walipendekeza mwaka 2019 kusubiri angalau wiki 12, na aliyepasuliwa huenda akahitaji zaidi. Wiki za mwanzo tembea, na ukaze misuli ya nyonga kama unayezuia mkojo: hesabu hadi 5, legeza, rudia. Nyonyesha kabla ya kutoka, matiti yawe mepesi. Mkojo ukikutoka unapokimbia, au ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, rudi kwenye kutembea na uje tukuangalie. Wanawake wengi hukaa na hali hiyo miaka, wakivaa pedi kila Jumamosi na kudhani ndiyo uzazi, wakati mazoezi ya wiki chache yangewasaidia.