Jedwali jekundu si mlango wa mto uliokufa

Juzi nimetumiwa tena jedwali la metali nzito zilizopimwa kwenye tope la mlango wa mto, kadimiamu imepakwa rangi nyekundu, na chini yake swali lile lile: "Kwa hiyo viumbe wote wamekwisha?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Chukua kadimiamu miligramu 0.9 kwa kilo ya mashapo makavu. Kielezo cha mtafiti Hakanson cha 1980, kinachokadiria hatari ya metali kwa viumbe, kinataka ugawe kwa kiwango cha asili, kisha uzidishe kwa 30, uzito wa sumu aliyoipa kadimiamu. Ukigawa kwa 0.3, wastani wa mwamba wa tope unaopendwa na wengi, unapata 90, na hilo ni kundi la tatu kati ya matano ya hatari. Ukigawa kwa 1.0, aliyoitumia Hakanson mwenyewe, unapata 27: hatari ndogo. Tope ni lile lile! Kiwango cha kuaminika ni cha tope la chini la hapo hapo, lililotuama kabla ya viwanda, ila kulifikia ni kazi na gharama, basi watu wanakopa namba. Na kielezo chenyewe kilitokana na maziwa ya maji baridi ya Uswidi. Mimi pia nakitumia kwenye maji ya chumvi, ili nilinganishe na kazi za wengine, na sina raha nacho.

 

Kinachoniudhi ni salfaidi, yaani salfa ya kwenye tope lisilo na oksijeni, kusahauliwa. Zamisha bomba kwenye tope la mlango wa mto, ulivute: juu utando wa kahawia, chini jeusi tii linalonuka yai viza. Salfaidi ya humo huzikamata kadimiamu, risasi, zinki na shaba zisiyeyuke kirahisi, kwa hiyo mnyoo anaweza kuishi ndani ya namba ya kutisha. Anaweza, nimesema; lakini akilimeza tope, tumboni mwake mambo huwa mengine, na hapo sijui nimwamini nani. Zebaki nayo iko kinyume: tope hilo hilo lisilo na oksijeni ndimo bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, aina yake yenye sumu kali, inayopanda hadi kwa samaki.

Sasa lichimbue. Oksijeni inaingia, salfaidi inavunjika, kadimiamu inashikana na kloridi ya maji ya bahari na kubaki majini. Jedwali la juzi ni la mahali wanapotaka kuongeza kina cha njia ya meli. Safu ya salfaidi haimo kwenye jedwali hilo.